Ncha za Mkeka wa Mama Sikujua

Mama Sikujua, mama mzazi wa bwana wangu, alikuwa mtu wa kucheka kwa tumbo zima, hata mwaka ule tuliporudi kutoka porini. Nasema hivyo mapema, asije mtu akadhani alikuwa mama wa kununa. Aliwatania wageni kabla hawajakaa. Alimtania Alfani, bwana wangu, kwa miguu yake myembamba. Na binti yangu Nyota alimwita muke mwenzake, akamnyang'anya vipande vya samaki sahanini mpaka mtoto analia na kucheka pamoja.

Vitu viwili tu alikuwa ameviacha kule porini: kusuka mikeka, na kusali.

Mimi si mtu wa kijijini kwao. Kwetu ni Isangi, kwa Walokele wa mtoni. Nilibatizwa Pélagie, nikasoma kwa masista mpaka darasa la tano, halafu shangazi yangu akanichukua kumsaidia kuuza samaki soko la Tshopo, Kisangani. Alfani alikuja kununua samaki mmoja, akarudi kununua mwingine, akarudi tena hata siku ambayo hatukuwa na samaki. Tulipatana: yeye na msikiti wake, mimi na rozari yangu. Nilifika kwao. Mama Sikujua alinitazama toka kichwani mpaka vidoleni, akamgeukia mwanawe.

"Anajua kufunga samaki kwa majani, kupika liboke?"

"Anajua, Mama."

"Bon. Zingine Mungu atajua."

Kijiji chenyewe kiko ng'ambo ya mto, upande wa reli, kwenye barabara ya kwenda Ponthierville. Ni kijiji cha Waswahili, wajukuu wa watu wa biashara za zamani. Wanalima mihogo na mpunga, wanapika lituma, ndizi za kuponda, kama watu wote wa Kisangani, na katikati ya kijiji wana msikiti. Mikeka ya msikiti ule yote ilitoka mikononi mwa Mama Sikujua. Kila Idi alitoa mmoja mpya wa safu ya mbele, na kila mkeka ulikuwa na picha yake. Kulikuwa na wa njia ya siafu, mstari mweusi unaopinda. Kulikuwa na wa maji ya Wagenia, maporomoko ya mto wetu, weupe unaoruka juu ya manjano kama maji yanavyoruka juu ya mawe. Hakuna aliyemfundisha picha hizo. Aliona kitu, akakaa kimya siku nzima, kesho yake kitu kile kiko kwenye mkeka.

Walinisimulia habari ya mkeka wa uhuru. Mama Sikujua alitaka usukwe kwa buluu, rangi ya bendera mpya. Sasa msitu unatoa nyekundu ya mti wa ngola, unatoa nyeusi ya tope, unatoa manjano ya bizari, lakini buluu hauna. Basi akachukua koti la kazi la mume wake, Papa Kasongo, koti la buluu la watu wa reli, akalitia chunguni pamoja na majani, akalichemsha toka asubuhi. Mkeka ulitoka rangi ya majivu. Koti nalo likatoka rangi ya majivu. Papa Kasongo alilivaa hivyo hivyo kwenda kwenye sherehe, na waliomcheka aliwajibu: "Mimi nimepauka, ndiyo, lakini niko indépendant!"

Huyo ndiye Papa Kasongo. Mkewe akisuka, yeye alikaa karibu akichana majani kwa ukucha wa kidole gumba, na Mama Sikujua aliimba wimbo wake wa kazi, maneno yale yale bila kuchoka: "Moja juu, moja chini, Mungu katikati." Kila akimaliza kusema Mungu, alivuta unyuzi ukakaza.

Kisha ukaja uasi. Walipita vijana wenye majani kichwani, wakauliza tuko upande wa nani. Wakapita wanajeshi, wakauliza swali lile lile. Tuligundua kwamba jibu zuri halipo, tukaingia porini, kijiji kizima, na masufuria yetu. Nyota alizaliwa huko, chini ya turubai la majani ya mgomba, mvua ikinyesha, Mama Sikujua akinishika mgongo na kunisimulia mambo ya kuchekesha ili nisipige kelele. Nilicheka na kuzaa kwa wakati mmoja. Sijui mwanamke mwingine aliyezaa hivyo.

Papa Kasongo hakurudi. Homa ilimshika, dawa hakuna, akaondoka taratibu. Sanda pia haikuwepo, maana nguo zetu zilikuwa matambara. Kilichokuwepo ni mkeka mmoja ambao Mama Sikujua alikimbia nao kichwani, ule wa maji ya Wagenia. Nilikuwa nimekaa na Nyota kifuani, nikaona yote. Aliutandika. Akapiga magoti kwenye ncha moja ya mkeka, pale ambapo nyuzi zimekunjwa na kurudishwa ndani, akaanza kuzifungua, unyuzi mmoja mmoja, mpaka ncha ikawa wazi kama nywele zilizofumuliwa. Akahamia ncha ya pili. Midomo yake ilikuwa inasema, "Moja chini, moja juu, moja chini, moja juu." Mungu hakumtaja. Mwalimu Amuri, anayesomesha watoto Kurani na kusalisha watu, akasoma dua, wakamfunga Papa Kasongo ndani ya mkeka ule.

Tangu siku ile sikumwona akishika jani.

Tulirudi baada ya miaka miwili, tukakuta msikiti umechomwa. Nani alichoma, hatukumwona. Wanaume walisimamisha nguzo mpya na kuezeka majani, kuta zikabaki kusubiri. Mwalimu Amuri akaanza tena kuadhini. Na kila sauti yake ilipotoka, Mama Sikujua alichukua jembe akaenda shambani.

"Mama," Alfani alimwambia siku moja, "batu beko banakungojea kusali."

"Mihogo pia iko inaningojea. Na mihogo haina kelele."

"Mama!"

"Weye, acha. Mimi na Mungu tuliachana salama. Hatukupigana. Kila mutu akae kwake."

Ramadani ilipofika hakufunga. Alikula muhogo wake mchana, ameugeuzia msikiti mgongo, kwa adabu. Jirani yetu Safi aliniambia kijijini watu wanamsema. Mimi sikuwa nawaza ya watu. Nilikuwa natazama mikono yake. Alipokuwa anaongea, vidole vyake vilikuwa vinakunja ukingo wa liputa, kitambaa alichojifunga kiunoni, moja juu, moja chini, halafu vinaachia. Yeye mwenyewe hakujua.

Idi ikakaribia, Idi ya kwanza chini ya paa jipya. Mwalimu Amuri akaja nyumbani, akakaa kwenye kiti, akasifu lituma, akasifu mtoto, akasifu hata jogoo. Mama Sikujua akamngoja amalize.

"Mwalimu, sema tu. Jogoo hauzwi."

"Mama Sikujua, tuko tunasalia kwa vumbi. Safu ya mbele tu. Mukeka mumoja."

"Basalie juu ya majani ya ndizi. Mungu anayapenda, ameyaumba mingi."

"Mikono yako, mama yangu..."

"Mikono yangu imekufa," alisema, na akainuka kwenda kutazama moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Nilisikia neno lile likanikaa. Mtu anayekunja ukingo wa liputa toka asubuhi mpaka jioni, mikono yake imekufa wapi? Nikajisemea: mimi nitausuka. Ukiwa mbaya, sawa. Angalau auone mkeka tena, na Nyota ajue bibi yake alikuwa nani.

Nilimwendea Safi. Safi anajua kuchana majani na kusuka mikanda mirefu ya kawaida, ile ya kuanikia mpunga. "Lakini ya musikiti sijawahi," alisema. "Na weye mukristo! Aii, Pélagie, weye una moyo." Tulikata majani ya mwale, mti ule wa bondeni unaofanana na mchikichi, tukayaanika, tukayachana. Nilisukia nyuma ya jiko la Safi wakati Mama Sikujua yuko shamba. Nilijichoma, nilipotea, nilifumua. Picha niliyotaka ilikuwa maji ya Wagenia, lakini mawimbi yangu yalitoka kama ngazi iliyoanguka. Mikanda nikaishona pamoja kwa sindano ya waya wa mwavuli, na mwishoni, peke yangu, nikafika kwenye ncha.

Safi siku ile alikuwa ameenda mjini. Ningeweza kumngoja. Lakini mimi nilijua, au nilidhani najua, kwa sababu mkeka wa mambo ya dini niliwahi kuutazama karibu mara moja tu maishani, na niliutazama kwa macho yangu yote: Mama Sikujua, amepiga magoti, anafungua ncha kabla ya dua. Nikawaza, kumbe ndivyo ilivyo. Mkeka wa kulalia unafungwa ncha, mkeka wa mambo ya Mungu unaachwa wazi. Nilizichana nyuzi za mwisho vizuri, nikazinyoosha kwa maji, zikalala kama nywele za bibi harusi. Nilijisifu peke yangu nyuma ya jiko.

Asubuhi ya Idi, watu wakiwa mtoni wanaoga, niliupeleka umefunikwa na liputa, nikautandika safu ya mbele kwa kupitia upande usio na ukuta. Kisha nikarudi kwenye vyungu. Mama Sikujua alikuwa anaponda ndizi kwa mchi, maana kusali hapana, lakini Idi bila lituma yake haijawahi kuwa Idi.

Tulisikia takbira, sauti za wanaume wakija wamevaa kanzu walizobakiza. Halafu takbira ikakatika. Halafu sauti ya Papa Sefu, mzee mmoja anayesema kwa nguvu kwa sababu hasikii vizuri:

"Mwalimu, nani amekufa? Mimi nilikunywa chai asubuhi. Siyo mimi!"

Kicheko kikatoka, kikakatika tena. Nilikimbia kutazama. Wanaume walikuwa wamesimama nje ya kivuli cha paa, miguu imeoshwa, hakuna anayekanyaga. Mwalimu Amuri alikuwa ameshika ndevu. Safi alipoona ncha za mkeka aliweka mikono kichwani.

"Pélagie! Ulifungua ncha? Huu ni mukeka wa maiti!"

Hapo ndipo nilipoambiwa kile ambacho kila mtoto wa pale anakijua. Mkeka hufunguliwa ncha siku moja tu, siku anapofungwa ndani yake mtu wa kwenda kaburini. Na ukishafunguliwa haukunjwi, hausogezwi, mpaka umepata mwenyewe. Ndiyo maana hakuna aliyetaka kuugusa. Safu ya mbele yote imelaliwa na mkeka unaongoja maiti, na kila mwanaume anamtazama mwenzake kama anampima urefu.

"Papa Sefu ndiye mukubwa hapa," mmoja akasema.

"Mimi niko mufupi! Utabaki mwingine!"

Nilitaka ardhi inimeze. Alfani alinijia, nikadhani ananigombeza, kumbe anajizuia asicheke. "Mama Nyota, uliusuka weye? Yote?"

"Tusalie nje, kwenye uwanja," Mwalimu Amuri alisema.

"Na huu tuuache hapa?" wakamjibu. "Mpaka lini? Mpaka afe mutu?"

Ndipo nilipomwona Mama Sikujua. Alikuwa amekuja na mchi mkononi, ndizi zimeganda mpaka kwenye kiwiko. Hakuna aliyemwita. Alisimama ukingoni mwa paa akautazama mkeka, na uso wake ulibadilika. Nilijua anaona nini. Mawimbi yangu yalikuwa mabaya, lakini yalikuwa mawimbi. Na zile nyuzi zilizofunguliwa alizijua kuliko mtu yeyote. Nikawaza: nimemrudisha porini, nimemzika mume wake mara ya pili, na siku ya Idi.

"Nani alifanya hii?"

"Ni mimi, Mama." Machozi yalikuwa karibu. "Nilikuona kule. Nilifikiri ndiyo namna ya mukeka wa Mungu."

Halafu akautazama tena mkeka, akainama, akavuta mkanda mmoja kwa kidole kimoja chenye ndizi.

"Hii ni nini, hapa?"

"Maji ya Wagenia."

"Maji? Mie naona mbuzi ameanguka kwa ngazi." Tumbo lake likaanza kutikisika. "Papa Kasongo angeona hii... ee, angekufa tena!" Na akacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo, na machozi yakamtoka, na sikuweza kujua tena yapi ni ya kicheko. Safi akacheka, wanawake wakacheka, Mwalimu akageuza uso.

Kisha akajifuta. "Ondokeni na migulu yenu. Nani atasalia juu ya mukeka wa maiti mie nikiwa hai? Ncha zikifungwa, ni mukeka tu. Mama Nyota, leta maji ya kunawa. Safi, sindano yako."

"Mama Sikujua, jua linapanda," Mwalimu Amuri alisema kwa sauti ndogo.

"Jua lilitungoja tukiwa porini, leo pia litangoja."

Alinawa mikono mpaka kiwiko, akakaa chini pale kwenye ncha, miguu ameinyoosha mbele. Alishika nyuzi za kwanza. Vidole vilisita, alivitazama kama anatazama watoto wa mtu mwingine. Halafu vikaanza. Unyuzi ukarudi ndani, ukapita chini ya jirani yake, ukakatwa. Mwingine. Nyota akaenda akaegemea begani kwake, na hakumfukuza.

"Moja juu," alisema polepole, "moja chini."

Akanyamaza. Akakunja unyuzi mwingine. "Moja juu, moja chini." Akanyamaza tena pale pale, kama mtu anayefika kwenye mlango asiojua kama utafunguliwa. Nilikuwa nimesimama na bakuli la maji, na niliona jinsi unyuzi ulivyolegea mkononi mwake. Bila lile neno la tatu hakuwa na pa kuvutia.

Nyota, ambaye hajawahi kusikia wimbo ule maishani mwake, akamvuta bibi yake sikio. "Halafu, Koko? Halafu?"

Mama Sikujua akaushika tena unyuzi.

"Halafu Mungu katikati, muke mwenzangu," akasema, na akavuta, na unyuzi ukakaza.

Baada ya hapo wimbo haukukatika tena. Wanaume walikaa kwenye majani, kanzu zao zikapata vumbi, Papa Sefu akasinzia. Ncha ya kwanza ikafungwa. Akazunguka kwenye ya pili bila kusimama, anasogea kwa kukaa, kama mtoto. Alipomaliza aliupiga mkeka kofi mara moja.

"Bon. Salini. Lakini msitazame chini, mtacheka mbele ya Mungu."

Wakasali Idi. Yeye alirudi kwenye lituma yake, ambayo ilikuwa imepoa na kuganda, na sote tuliila hivyo hivyo, na watu walikuja kumbusu mikono na yeye aliwafukuza kwa mchi.

Nilikuwa naogopa kwamba imekwisha pale, kwamba alifunga ncha kwa sababu ya desturi na kesho atarudi kwa mihogo yake. Nilikuwa naosha vyungu, mchana umeinama, aliponisimamia kichwani na panga.

"Mama Nyota. Ule mwale uliukata wapi?"

"Bondeni, Mama, karibu na kijito."

"Ulikata majani mazee. Jani linakatwa bado limefumba, kama mwavuli. Twende. Ule mukeka ni aibu ya ukoo mzima, hauwezi kubaki safu ya mbele mpaka Idi ingine."

Tulishuka, yeye mbele, Nyota mgongoni kwangu. Bondeni maji yalikuwa machache, ni majira ya ukavu. Alichagua mwale kwa kuuzunguka, anaugonga, anautazama juu, anauacha, anakwenda kwa mwingine. Alinionyesha tope jeusi la kutia rangi na kuniambia jani lilale humo mpaka linuke. Njiani alikuwa amegeuka akaona nyayo zetu juu ya mchanga, zake, zangu kubwa, na katikati zile ndogo za Nyota nilipomshusha atembee. Alisimama akazitazama kwa muda mrefu kuliko nyayo zinavyostahili. Nilijua nimeuona mkeka unazaliwa.

Alikuwa ameinua panga wakati sauti ya Mwalimu Amuri ilipofika, nyembamba, imepita juu ya miti. Alasiri. Nilitazama pembeni, nikajifanya namfunga Nyota vizuri, ili panga lishuke kwa nguvu linayotaka, kama jembe lilivyokuwa likishuka.

Panga halikushuka. Alilichomeka kwenye tope. Akaingia kwenye kijito mpaka kwenye vifundo, akaosha mikono, akasukutua, akaosha uso, akalalamika kwamba maji ni ya baridi. Akatafuta mahali pakavu, hakupata, akatandika majani ya mwale tuliyokuwa tumekwisha kata.

Nyota aliteremka mgongoni kwangu, akaenda kusimama kando yake. Bibi akiinama, naye anainama, anachungulia katikati ya miguu kuona kama namtazama. Mimi nilishika rozari yangu mfukoni, nikasema Salamu Maria moja.

Alipotoa salamu, kuume na kushoto, alibaki amekaa kidogo. Halafu akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Leta panga. Na hayo majani niliyosalia, usiyatupe. Hayo ndiyo ya ncha."